Rangi ya Shingo ya Tausi

Mercedes ya Bwana Mwinyihaji ilipovushwa na feri kuletwa Likoni kwa mara ya kwanza, watu walitoka majumbani kuitazama. Ilikuwa mpya kabisa, imeteremshwa melini juma lile lile, na viti vyake bado vimefunikwa nailoni. Kila mtu aliisifu isipokuwa mwenyewe. Bwana Mwinyihaji aliizunguka taratibu, mikono nyuma, kisha akasimama mbele yake akaguna.

"Nyeusi," akasema. "Kila mkubwa wa serikali ana gari jeusi. Siku ya Uhuru yatajipanga pale uwanjani kama kunguru. Mimi langu silitaki liwe kunguru."

Matano, dereva wake, alicheka kwa adabu. Alikuwa amemwendesha Bwana Mwinyihaji tangu zile siku za lori la kwanza la nazi, na alijua kwamba bwana huyu akishasema jambo mbele ya watu, jambo hilo litafanyika.

"Unataka rangi gani, bwana?"

Bwana Mwinyihaji alifikiri. "Umewahi kumwona tausi? Si mkia. Shingo. Akigeuka hivi ni buluu, akigeuka hivi ni kijani. Nataka hiyo. Na paa liwe jeupe kama tui la kwanza."

Ndivyo gari jipya, ambalo hata mavumbi ya Kwale halijayaona, lilivyopelekwa Changamwe kwenye gereji ya Mzee Mwarandu likakwanguliwe rangi yake ya kiwandani.

Fundi wa rangi pale gereji alikuwa Dishon, kijana mrefu kutoka Ukambani, mpole, mwenye kucha zisizotakata hata azisugue vipi. Malori yote ya Bwana Mwinyihaji yalipita mikononi mwake. Lakini gari kama hili hakuwa amelishika, na siku ya kwanza alilizunguka kama mtu aliyeitwa kumtibu mfalme.

"Ndugu Matano," akasema, "hii gari nikiikosea, mimi nahama Mombasa."

Akaanza kuchanganya. Alipaka kipande cha bati, akakianika juani, Matano akakipeleka Likoni kwa bwana. Bwana akatikisa kichwa. Kikaja kingine, kikakataliwa, kimezidi kijani. Kikaja kingine, kimezidi weusi. Matano akawa mtu wa kwenda na kurudi, na kwa kuwa feri humchelewesha mtu, mara nyingi alishinda pale gereji mpaka mchana. Dishon humchukua hadi chumbani kwake Chaani, wakala alichopika mkewe Nduku, githeri au wali wa maharagwe, huku Nduku akimcheka Matano kwa kuuliza kila mara kama kuna pilipili. Urafiki ukaingia hivyo, bila mtu kuupanga.

Siku bati la kweli lilipopatikana, Bwana Mwinyihaji aliinuka kitini. Aliligeuza mkononi, huku, kule, kisha akalitia mfukoni mwa kanzu yake kama kitu cha kwake.

Siku za kupuliza rangi Matano alikatazwa kuingia. Alikaa nje akisikia mlio wa bomba la rangi, na kila lilipozimwa Dishon alitoka amefunga kitambaa puani, macho mekundu, anacheka peke yake. "Nimepaka mabasi, nimepaka malori," alisema. "Hii ndiyo ya kwanza naogopa kupumua karibu yake."

Sasa, siku zizo hizo, nyumbani kwa kina Matano kulikuwa na harusi. Mwanasaumu, dada yake wa tumbo moja, alikuwa akiolewa Bamburi. Jamaa za bwana harusi walikuwa watu wenye kujiweza kidogo, na walipokuja Likoni kuposa, shangazi mmoja wa kijana yule aliyatazama makuti ya paa, akautazama ua, kisha akauliza huku akipangusa kikombe kwa ncha ya leso: "Na bibi harusi mtatuletea kwa chombo gani? Kwa mkokoteni?"

Watu walicheka kama watu wanavyochekea maneno ya mgeni. Lakini Mwanasaumu alikuwa nyuma ya pazia, na Matano aliona pazia likitikisika. Mama yao, Bi Mwanatabu, aliendelea kumimina kahawa. Neno lile likamkaa Matano moyoni tangu siku hiyo.

Gari lilimalizika Ijumaa, magharibi ikiingia. Lilipotolewa nje ya banda, hata kwa mwanga ule mdogo, mafundi waliacha vyombo vyao. Lilikuwa na rangi isiyotulia. Ukisogea hatua moja inabadilika. Mzee Mwarandu mwenyewe, ambaye hasifu, alisema, "Ee."

"Bwana yuko wapi?" Dishon aliuliza.

"Yuko Lamu, mambo ya nazi. Atarudi Jumanne."

"Basi iache hapa mpaka Jumanne. Rangi imeshikana juu tu. Ndani bado mbichi."

Na hivyo hasa ndivyo Bwana Mwinyihaji alivyoagiza kabla ya kusafiri: gari libaki kwa Mwarandu mpaka arudi. Matano alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini kesho yake ndiyo siku ya kumpeleka Mwanasaumu Bamburi, na pale mbele yake palisimama jawabu la yule shangazi.

"Bwana ameniagiza likalale kwake Likoni," akasema. "Bandani."

Dishon akasita. Alimtazama Matano, akalitazama gari. Kisha, kwa kuwa alikuwa akimwamini, akampa ufunguo.

"Iende mpaka bandani moja kwa moja. Usiipitishe penye vumbi. Usiiguse na kitambaa hata kama unaona ni kisafi. Umesikia, ndugu?"

"Inshallah," Matano akajibu.

Jumamosi baada ya adhuhuri, Mwanasaumu alitoka nyumbani kwao akiwa amefunikwa, mashoga zake wakimwimbia, akakuta gari mlangoni. Alisimama. Aliinua shela kidogo akajiona katika ubavu wa lile gari, hina mpaka viganjani, na nyuma yake mama yake akilia kwa furaha.

"Kaka," akasema, "hili ni la nani?"

"Leo ni lako. Panda."

Walivuka feri, wakapita kisiwani, wakavuka daraja la Nyali. Kisauni watu walisimama njiani. Mtopanga watoto walikimbia kando ya gari wakipiga kelele mpaka pumzi zikawaishia. Matano alishika usukani kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, na moyo wake ulikuwa mkubwa hata hakuweza kuzungumza. Alipofika Bamburi akapiga honi. Yule shangazi alitoka na vigelegele mdomoni, na alipoliona gari vigelegele vikamkatika katikati.

Mwanasaumu aliposhuka alimkamata kaka yake mkono. "Mungu akuweke," akamnong'oneza. "Umenitoa aibu."

Nyumba ya bwana harusi ilikuwa kando ya barabara wanayopita malori ya saruji. Matano aliliegesha gari upande wa kivuli, na kivuli kilikuwa upande wa barabara. Alikusudia kurudi papo hapo. Lakini mkwe hawezi kuondoka bila kuonja, wakamshika, wakamkalisha kwenye chano cha pilau, ikaletwa halua, ikaletwa kahawa, wazee wakamuuliza habari za Likoni. Malori yakapita. Kisha yakaanguka manyunyu, kidogo tu, ya kulainisha vumbi. Kisha jua likatoka tena, kali.

Alipotoka nje, gari lilikuwa la kijivu.

Akili ilimwambia asiliguse. Mkono haukusikia. Alivua koti lake jeupe akaanza kupangusa, na chini ya koti akasikia mkwaruzo, kama mtu anayesaga kitu kwa meno. Akaomba maji, akamwaga ndoo baada ya ndoo, wenyeji wakidhani ni usafi wa dereva wa watu wakubwa. Vumbi lilitoka, lakini si lote. Lingine lilikuwa limeshaingia katika rangi na kuganda humo. Alipopitisha kiganja kwenye boneti, boneti lilikwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Ile rangi ya kugeukageuka haikugeuka tena. Ilikuwa buluu iliyochujuka, yenye michirizi.

Akalirudisha Likoni kabla jua halijatua, akalifungia bandani.

Jumapili alitoka aende Changamwe akamwambie Dishon. Alifika mpaka kwenye feri. Alisimama kwenye foleni ya waendao kwa miguu, watu wakasogea, naye akasogea nao, na lango lilipofunguliwa aliwapisha waliokuwa nyuma yake mmoja mmoja, kisha akageuka akarudi nyumbani. Alijiambia kwamba pengine bwana hataona. Alijiambia kwamba msasa na mafuta kidogo yatatosha. Alijiambia mambo mengi siku ile.

Jumanne bwana alirudi na akataka kuona gari lake kabla hata ya kuvua viatu.

"Matano!"

"Naam."

Bwana Mwinyihaji alikuwa ameweka mkono juu ya boneti. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa na uso wa mtoto aliyepewa zawadi ikavunjika.

"Gari hili uliliweka wapi?"

"Bandani, bwana. Niliona hapa ni salama kuliko gereji, na tangu lilipotoka huko halijaondoka."

Neno lilitoka jepesi. Matano mwenyewe alishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi.

Walipofika Changamwe hasira ya bwana ilikuwa imeshapanda. Aliteremka akipiga kelele, na mafundi wakaacha kazi kusikiliza. Alimwita Dishon mharibifu, akamwita mtu wa porini aliyezoea kupaka mizinga ya nyuki. Dishon akaliendea gari. Alipiga magoti kando ya mlango wa gari, akagusa rangi kwa ncha za vidole, akagusa tena mahali pengine, kisha akainua macho akamtazama Matano. Hakuwa na shaka machoni. Alikuwa akiuliza tu.

"Ilikuwa bandani?"

"Ilikuwa bandani."

"Hapa ilitoka ikiwa laini," Dishon akamwambia Mzee Mwarandu.

"Ilitoka magharibi, kiza kinaingia," Mwarandu akasema. "Uliona nini wewe?"

Dishon akainamisha kichwa. "Basi labda ni chenga katika rangi," akasema kwa sauti ya chini. "Labda sikuchuja vizuri, zikatokeza ilipokauka."

Malori yote ya Bwana Mwinyihaji yalikuwa yakitengenezwa pale. Mwarandu hakuwa na haja ya kufikiri sana. Dishon alifukuzwa siku hiyo hiyo, mbele ya watu, na Matano alimwona akikunja ovaroli lake na kuliweka juu ya pipa kwa uangalifu, kana kwamba kuna mtu atakayelivaa baadaye. Gari likapelekwa gereji nyingine kisiwani, likapakwa rangi nyeusi kama lilivyokuja.

Habari za gereji husafiri haraka. Kila Dishon alipokwenda kuomba kazi alikuta jina lake limemtangulia: yule wa chenga. Akaishia kuvuta mkokoteni wa maji Chaani na Magongo, yeye aliyekuwa akiogopa kupumua karibu na kazi yake.

Matano akaanza kwenda kwao. Mara ya kwanza alikwenda akiwa ameazimia kusema. Alikuta Nduku mjamzito, amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe, naye akampokea kwa furaha hata neno likarudi tumboni. Akaacha sukari aliyokuja nayo akaondoka. Mara ya pili akapeleka unga. Kisha samaki, kisha mafuta ya taa, kisha kanga ya Nduku. Kila alichopeleka kilipokewa kwa shukrani, na kila shukrani ilimchoma. Aliona kwamba kama asingekuwa akipeleka kitu, aibu ingempungua. Lakini hakuweza kuacha.

"Wewe unajisumbua," Dishon humwambia. "Kosa ni langu, si lako. Wewe ulikuwa dereva tu."

Na jambo lililomtesa Matano kuliko yote ni kwamba Dishon aliamini hivyo kwelikweli. Siku moja alimkuta amekaa mlangoni, mikono magotini, anaitazama mikono yake ilivyotulia.

"Nimerudia ile kazi yote kichwani," Dishon akasema. "Nilichuja. Nakumbuka nilichuja kwa soksi ya nailoni ya Nduku, mara ya pili nikachuja tena. Lakini sasa sijui. Mtu akikuambia hukufanya, unafika mahali hata wewe unaona hukufanya."

Matano alitazama angani. "Labda ni mambo ya hali ya hewa," akasema.

Nyumbani pia hakukuwa na raha. Mwanasaumu alikuja kutembea kutoka Bamburi, amenawiri, akamweleza mama yake mbele ya Matano: "Huko nikipita wananiita bibi wa gari la tausi. Hata yule shangazi siku hizi ananiletea kitoweo." Bi Mwanatabu akamwombea mwanawe dua, ndefu, mikono imeinuliwa. Matano alitoka nje kabla ya amina.

Msikitini alisali safu ya nyuma. Akiendesha gari, bwana nyuma akisoma gazeti, alikuwa hawezi kuliangalia boneti lile jeusi. Chini ya weusi ule aliiona rangi nyingine.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka Jumapili moja, siku chache kabla ya sherehe za Uhuru, bendera zimeshaanza kutundikwa madukani. Matano alikuwa Chaani, amekaa chumbani kwa kina Dishon akinywa chai. Nduku alikuwa karibu kujifungua, anatembea kwa kushika ukuta. Alimtazama mumewe, mumewe akamtazama, wakachekeana.

"Mwambie wewe," Nduku akasema.

"Sisi tumekaa tukasema," Dishon akaanza, kwa haya kidogo. "Huyu mtoto, kama ni kijana, tutamwita Matano."

"Kwetu watashangaa," Nduku akasema. "Watauliza hili ni jina gani. Lakini mimi nitawaambia: watu wote walipokimbia, huyu mmoja alibaki. Mtoto achukue roho yake."

Matano aliweka kikombe chini. Kiligonga sahani, chai ikamwagika.

"Msimwite hivyo," akasema.

"Kwa nini? Ni vibaya kwa dini yenu?"

"Msimwite jina langu. Nawaomba."

Dishon akaacha kucheka. "Kuna nini, ndugu?"

Akasema. Hakusema vizuri, alianzia kati, kwa yule shangazi na mkokoteni, akarudi nyuma, akaruka mbele. Lakini alisema yote: kwamba bwana hakuagiza gari liende Likoni, kwamba lilikwenda Bamburi harusini, malori ya saruji, manyunyu, koti jeupe. Kwamba aliulizwa mara mbili lilikuwa wapi, na mara mbili akasema bandani.

Nje mtu alikuwa akipiga chapuo la kuuza kashata.

"Ilipotoka kwangu," Dishon akauliza hatimaye, "ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi. Wallahi, sijapata kuona kitu safi kama kile."

Dishon aliinuka akaenda mlangoni, akawapa mgongo. Mabega yake yalipanda na kushuka. "Nilikuwa nachuja ile rangi usingizini," akasema bila kugeuka. "Nduku ananiamsha. Anasema, Baba, unafanya nini na mikono? Na wewe unakuja hapa, unakunywa chai, unaniambia hali ya hewa."

"Dishon, nisamehe."

Aliyejibu ni Nduku. Hakupandisha sauti. "Hiyo sukari yako tumeshakunywa," akasema. "Na unga tumekula. Ingekuwa bado iko ningekurudishia yote, uende nayo."

Matano alisimama, hajui aondoke au abaki.

"Kesho asubuhi uje gereji," Dishon akamwambia. "Hayo maneno usiniambie mimi peke yangu hapa ndani. Useme mbele ya wale walionicheka."

"Bwana akisikia atanifukuza."

"Mimi nilifukuzwa."

Usiku ule Matano hakulala, na asubuhi alijaribu kutafuta sababu ya kutokwenda. Mama yake alimtegemea. Wakwe wa dada yake wangejua kwamba lile gari lilikuwa la wizi wa siku moja. Sababu zote zilikuwa za kweli na hakuna iliyotosha. Akavuka feri.

Alisimama katikati ya gereji, kofia mkononi, akasema. Alimwona Dishon kando ya lango, hakuingia ndani. Mafundi walimsikiliza mpaka mwisho. Mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mzee Mwarandu uso ulimbadilika, na kwa kuwa hakujua hasira yake aipeleke wapi, akamgeukia Dishon.

"Sasa wewe ungejitetea! Ulinyamaza kwa nini?"

"Nilijitetea, mzee," Dishon akasema. "Nilisema ilikuwa laini. Ulisema kiza."

Mwarandu hakuomba radhi. Alikwenda ndani akarudi na ovaroli, akamrushia. "Kuna basi pale nyuma," akasema. "Limekaa muda." Dishon alilidaka. Alilishika kitambo bila kulivaa, akilitazama, kisha akapitisha mkono mmoja. Alipita karibu na Matano kwenda kwenye lile basi, na hakumtazama.

Bwana Mwinyihaji alikuwa barazani kwake, anakunywa kahawa. Matano alimwamkia, akabaki amesimama chini ya ngazi, akarudia maneno yale yale. Mara hii yalitoka kwa mpangilio. Bwana alisikiliza akigeuza kikombe.

"Ilikuwa harusi ya Mwanasaumu?" akauliza.

"Naam, bwana."

"Mimi nilituma mchele wa harusi ile."

"Ndiyo, bwana. Tuliupokea."

"Ungaliniomba, ningalikupa," Bwana Mwinyihaji akasema. "Ningalikwambia ngoja likauke, au chukua ile Peugeot ya mke wangu. Ningalikuja mimi mwenyewe nikakaa mbele. Mbona hukuniomba?"

Miezi ile yote haikumpitia Matano akilini kabisa kwamba angaliweza kuomba. Alitafuta ndani yake akakuta kwamba hata sasa hajui kama maneno ya bwana ni ya kweli, au ni maneno ambayo mtu husema jambo likishapita. Na kwamba hatajua kamwe.

Bwana alinyoosha mkono, Matano akaweka ufunguo kiganjani mwake.

"Sikuondoi kwa sababu ya rangi," bwana akasema. "Rangi hununuliwa. Nimemtukana mtu mbele ya watu kwa neno lako. Nilimwambia mambo ya mizinga ya nyuki." Akatazama kando. "Sasa mimi nitamtazama vipi?"

Kama bwana alikwenda kumtazama Dishon au hakwenda, Matano hakupata kusikia. Siku ya Uhuru alikuwa miongoni mwa umati, kwa miguu, akaliona gari la bwana likipita na dereva mgeni. Watu walikuwa wakikumbatiana na wasiowajua. Mwanamke mmoja alimpa bendera ya karatasi, akaipeperusha kwa kuwa kila mtu alikuwa akipeperusha.

Mwanasaumu, Matano alimweleza mwenyewe. Alidhani atalia au atamlaumu kwa kumharibia jina ukweni. Dada yake alisikiliza, akakunja leso yake, akakunjua.

"Aliyepanda ni mimi," akasema. "Basi na mimi nimo."

Siku iliyofuata alikwenda Chaani peke yake, akiulizia njia, akiwa na nguo za mtoto mchanga, maana alikuwa amesikia kwamba Nduku amejifungua. Alirudi jioni. Matano alimuuliza walizungumza nini. "Tulizungumza habari za kulea," akasema Mwanasaumu. Alipomuuliza tena, akamwambia, "Kaka, kuna mambo mengine si ya kuulizia kupitia kwangu."

Matano alipata kibarua bandarini Kilindini, kupakua magunia. Ili kufika kwa jamaa yake mmoja aliyehamia Miritini alilazimika mara kwa mara kupita Changamwe, na mwanzo alikuwa akizunguka mbali ili asiione gereji ya Mwarandu. Baadaye alichoka kuzunguka.

Alasiri moja alipita akakuta lori limezimika langoni, nusu ndani nusu barabarani, magari yakipiga honi. Dishon alikuwa peke yake, bega kwenye mlango, anasukuma huku akishika usukani, na lori halisogei. Aligeuza kichwa akatafuta mtu. Macho yao yakakutana.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Matano alisimama. Alitaka kusema salamu, lakini hakujua ni ipi.

"Shika huko nyuma," Dishon akasema.

Matano alipeleka mabega yake kwenye ubao wa nyuma, akakita miguu, akasukuma. Lori lilikataa, kisha likakubali, likaingia taratibu mpaka kwenye kivuli cha banda. Dishon alivuta breki. Akashuka, akaweka jiwe chini ya tairi la mbele, akahakikisha limeshika. Walikuwa wakihema wote wawili.

"Basi," Dishon akasema, akaingia ndani.

Matano alibaki pale kidogo, jasho likimtoka, akisikiliza kama ataitwa. Bomba la rangi likaanza kulia nyuma ya turubai. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akashika njia ya Miritini.